Sauti Mia Tatu na Kumi na Mbili

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hili nililozaliwa nalo na hili nililojichongea mwenyewe kwa kitako cha chupa ya soda: haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Najua sifa yangu hapa Kwemvule. Najua mnasema Mzee Semkiwa akikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza ukaguse ardhi. Sawa. Safari hii naweka rehani. Atakayenikamata na uongo, uongo wa kweli, si chumvi ya kuonja, nitampa redio yangu. Mnaijua. Ile ya mbao, iliyofungwa kamba ya mkonge mizunguko minane, haishiki stesheni hata moja, na bado naenda nayo mpaka msalani. Sina kitu kingine cha kuweka rehani kinachoniuma kama hicho.

Kwa asiyetujua, sisi ni kiwanda cha mkonge kisichokuwa na tajiri. Mwenye kiwanda ni yule anayefanya kazi ndani yake. Mtu mmoja, kura moja, mwenyekiti na mfagiaji wanatoshana. Ukame mrefu ulipomaliza mahindi, mihogo na hata nyasi, mkonge peke yake ulibaki umesimama, na mafundi wakagundua kwamba singa zake, zile nyuzi za ndani ya jani, zikichemshwa na utomvu wake wenyewe zinatoa kitu kigumu kuliko bati na chepesi kuliko mfuko wa plastiki. Ndege zisizo na rubani zikawa zinaruka kwa mabawa ya mkonge. Majani yalikuwa marefu siku hizo: ukikata shina Jumatatu, ncha inaanguka Jumatano.

(Hiyo ni chumvi. Nimeshasema chumvi haihesabiki.)

1

Mkutano mkuu ulifunguliwa saa tatu asubuhi, kama kawaida, kwa kuita majina. Mwenyekiti wetu, Mbelwa, fundi wa brashi, ile mashine ya kuchania singa, mwenye sauti ya kukwaruza, alisimama na daftari. Tulikuwa arobaini ukumbini. Majina daftarini yalikuwa mia tatu na hamsini na mawili.

"Hoza, Athumani."

"Nipo," lilijibu Sanduku.

Ilikuwa sauti ya Hoza mwenyewe, mwenyekiti wetu wa kwanza, na Hoza tulikuwa tumemzika miaka kumi na tisa iliyopita.

"Kilua, Stefano."

"Nipo, na mtu afunge lile dirisha."

Tukacheka. Kilua alikuwa akilalamikia dirisha lile tangu yu hai. Basi Mbelwa akaendelea hivyo, jina baada ya jina, na Sanduku likaitika kwa koo za watu waliolala makaburini nyuma ya banda la kukaushia. Mimi nilikuwa nasubiri jina moja tu. Ndilo lililonitoa nyumbani.

"Mntambo, Kidawa."

"Nipo," akasema mke wangu, halafu akakohoa mara mbili, kile kikohozi cha vumbi la brashi kilichomwondoa.

Miaka minane nilihudhuria kila mkutano wa ushirika huu, hata ule wa kujadili rangi ya milango ya choo. Watu walidhani napenda demokrasia.

Nilikuwa mlinzi wa Sanduku. Sikulibuni, ila nililifungua na kulifunga mara nyingi kiasi cha kulijua kuliko tumbo langu. Ndani mlikuwa na vigae vya udongo, kila kimoja ukubwa wa biskuti, kila kimoja mtu. Ulipojiunga ulipewa kigae chako, nacho kilikusikiliza kila ulipofungua mdomo mkutanoni au kazini, na kuandika kila ulivyopiga kura. Baada ya miaka kadhaa kiliweza kujibu kama ambavyo ungejibu wewe. Tulikileta kwa ajili ya watu wa zamu na wagonjwa, maana tulikuwa tunakosa akidi kila mara. Mtu yuko kwenye mashine, kigae chake kinampigia kura. Jambo jema kabisa.

Kuna kitu kimoja tu kuhusu kigae. Hakina mizani ya busara. Neno ulilolisema mara elfu kinalipa uzito wa elfu, na ulilolisema mara moja, uzito wa moja. Na mwanadamu, mnajua, shukrani huzisema mara moja. Hofu yake huirudia asubuhi na jioni.

Ajenda siku hiyo ilikuwa moja yenye vichwa viwili. Cha kwanza, korona namba mbili isimame wiki tatu itengenezwe. Korona ni ile mashine inayopokea jani zima la mkonge upande huu na kutoa singa tupu upande ule. Katikati mna gurudumu la visu linaloparua nyama yote ya jani. Kinga ya meza yake ya kulishia ilikuwa imevunjika na breki imechoka: ukiizima, unaweza kupiga chafya tatu kabla gurudumu halijatulia. Cha pili, vibarua tisini waliokuwa wakiilisha wafanywe wanachama.

Kibarua haingii ukumbini wakati wa mkutano, kwa kuwa si mwenye mali. Walikuwa wamejazana dirishani, lile lile la Kilua. Aliyewasemea alikuwa binti mmoja mrefu, Sikudhani Mhina, mlishaji wa korona namba mbili, kadi namba sabini na saba shingoni.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mlio hai na mliokufa."

"Marahaba," likajibu Sanduku kwa sauti mia tatu, na mabati yakatetemeka.

"Mimi sina maneno mengi. Mnasema kiwanda hiki ni cha anayefanya kazi. Nimetazama humo ndani, naona watu arobaini. Mashine zote zinavuma huko nje. Nani anaziendesha?"

"Wewe namba ngapi?" mmoja wetu alimpigia kelele, na wengine wakacheka.

Neno lile lilinichoma. Babu zetu waliletwa kwenye mashamba haya na wakoloni wakivishwa namba, wakaitwa manamba, na siku tulipokichukua kiwanda tuliapa kwamba hapa hatavikwa mtu namba tena. Tulikuwa tumeziita "kadi za utambulisho".

"Sabini na saba," Sikudhani alijibu, bila kuinua sauti. Akaiingiza mikono yake yote miwili dirishani, viganja juu. "Na hii ndiyo ninayoomba. Nataka kuondoka nayo."

Tulipiga kura. Ubao wa taa ukutani ukawaka: walio hai, thelathini na saba ndiyo, watatu hapana. Halafu Sanduku likavuma kidogo, likaongeza zake. Hapana, mia tatu na tisa. Watatu tu kati ya waliokufa walikubali, na hao walikuwa walevi waliozoea kukubali kila kitu.

Katiba iliruhusu mwanachama kumwuliza mwenzake sababu ya kura. Nikasimama.

"Kidawa."

"Abee, Semkiwa."

"Kwa nini umekataa?"

"Isisimame," alisema. "Korona ikisimama tutapika nini? Umesahau mwaka tuliochemsha mikanda?"

"Sijasahau. Lakini mwaka ule umepita, Kidawa. Kuna binti hapa dirishani, anaonyesha mikono yake."

"Mpe pole."

"Hajaumia."

"Isisimame, Semkiwa," alisema mke wangu, akakohoa mara mbili.

2

Mtauliza: kwani katiba yenu haikujua kwamba watu hufa?

Ilijua. Siku ya kuanzisha ushirika, afisa mmoja alikuja na rasimu iliyopigwa chapa. Akasoma: uanachama utakoma kwa kujiuzulu, kwa kufukuzwa, au kwa kifo. Basi akainuka mtu mmoja mcheshi, jina limenitoka, akasema, "Ndugu afisa, leo ndiyo tunazaliwa, na wewe umetuletea sanda? Futa hilo neno. Kwemvule hakufi mtu!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Kila mtu aliona ni mkosi kuandika vifo vya wenzetu kwenye karatasi ya furaha, hata afisa alicheka, na neno likafutwa kwa kalamu nyekundu. Tulikula wali siku ile.

Vigae vilikuja baadaye. Hoza alifariki Jumanne, mkutano ulikuwa Alhamisi. Aliyekuwa akiita majina akasoma jina lake kwa mazoea tu, na Sanduku likasema, "Nipo." Hamkuwepo. Hamkuona watu wazima walivyolia, wakashikana mikono. Nani angesimama pale kusema mzimeni? Kwa kifungu gani?

Ndivyo ilivyoanza. Kila mwaka tuliwazika wachache, na wote waliendelea kuhudhuria. Wanachama wapya walihitaji kura ya wengi, na wengi walikuwa watu wa miaka ya njaa ambao walisema, mara elfu na zaidi, kwamba chungu ni kidogo na midomo ni mingi. Kazi ilihitaji mikono. Tukaajiri vibarua.

3

Siku ya tisa baada ya mkutano nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi nikikaza miwani yangu kwa waya. Nikasikia korona namba mbili ikibadilisha sauti. Ukiishi na mashine miaka arobaini, unajua inapokula kitu kisicho jani.

Mtu aliizima. Nilipiga hesabu ya chafya tatu kichwani, nikikimbia kwa magoti haya.

Ilikuwa imeuchukua mkono wa kulia, mpaka juu ya kiwiko. Sikudhani hakuwa akilia. Alikuwa amekaa chini kwenye maji ya kijani, akitazama singa zikitoka upande wa pili, zimefunguka vizuri, na chache kati yake nyekundu. Tulimfunga kwa kamba ya mkonge kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwapo. Alipopita mbele yangu kwenye machela aliniambia, "Mzee, kadi yangu imeangukia humo. Watanikata siku?"

Mbelwa aliita mkutano wa dharura saa sita mchana. Aliwaeleza waliokufa kilichotokea. Na hapa sikilizeni vizuri, maana sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile maishani mwangu. Sauti mia tatu na kumi na mbili zilisema kwa pamoja, kwa huzuni ya kweli, huzuni waliyokuwa nayo walipokuwa hai, "Pole sana, mwanetu." Kidawa alikuwa humo, nilimsikia. Alikuwa anakaribia kulia.

Halafu Mbelwa akauliza kama sasa korona isimame.

"Isisimame," wakasema.

4

Alirudi baada ya wiki sita, mkono wa shati umefungwa fundo. Alinikuta ofisini na Sanduku, nikipangusa vumbi.

"Shikamoo, Mzee Semkiwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimeambiwa ufunguo wa hilo unao wewe."

"Ninao."

"Lizime."

"Sina haki hiyo."

"Na mimi nina haki gani?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kumweleza kama ambavyo ningetaka kuelezwa mimi. Kwamba hawa ndio waliokijenga kiwanda, waliokula mikanda ili mashine zisiuzwe. Kwamba kiapo chetu cha kwanza kabisa kilikuwa hiki: hakuna mwanachama atakayenyamazishwa, hata akiwa peke yake, hata akiwa mjinga. Kwamba siku nitakaponyamazisha mmoja kwa sababu kura yake hainipendezi, ushirika unakuwa mali ya mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo akishakuwa mwenye mali, jina lake ni tajiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu.

"Mliapa asinyamazishwe mwanachama," alisema. "Mimi si mwanachama. Kwa hiyo mimi nanyamazishwa kila siku, na kiapo chenu hakijavunjika hata kidogo. Kiapo kizuri sana hicho, Mzee."

Nikamwomba siku tatu.

Katiba ilikuwa imebakiwa na milango miwili ya kutokea: kufukuzwa kwa theluthi mbili ya kura, au kujiuzulu kwa kauli yako mwenyewe. Theluthi mbili walikuwa ni wao. Basi siku tatu, asubuhi mpaka adhuhuri, niliwaita mmoja mmoja nikawaomba wajiuzulu. Niliwabembeleza. Nilimwambia Hoza, "Mzee wangu, umefanya kazi, sasa pumzika, jiuzulu."

"Niende wapi?" Hoza aliniuliza.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema neno lile alipokuwa hai. Kigae hakiwezi kusema ambalo halikusemwa.

Siku ya tatu nilimwita Kidawa. Sikumwomba. Tuliongea juu ya mbuzi tuliyekuwa naye zamani, aliyekula kofia ya afisa. Alicheka palepale alipokuwa akicheka siku zote.

5

Mbelwa nilipomwambia kwamba nimeamua kuvilisha vigae korona alifunga daftari lake. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Mimi naenda kunywa chai." Lakini hakwenda. Alisimama na wengine.

Nilivibeba vigae ndani ya kapu la majani mpaka korona namba mbili. Walio hai walipanga mstari upande mmoja, vibarua upande mwingine, na Sikudhani akasimama mwisho wa meza, akihesabu. Nilishika kigae, nikasoma jina lake, nikasubiri kidogo kama tunavyosubiri mkutanoni, halafu nikakilisha. Mashine ilitoa sauti ndogo ya kitu kinachopasuka. Hapakuwa na wa kusema "nipo". Hoza, Athumani. Kilua, Stefano. Wengine walikuwa mama wa watu waliosimama pale. Mwanamume mmoja aliniomba nimpe kidogo amshike baba yake, akamshika, akamrudisha.

Ilichukua asubuhi nzima. Nilimwacha Kidawa wa mwisho, wa mia tatu na kumi na mbili. Nilisoma jina lake, nikasubiri, nikamlisha kwa mkono wangu huu. Sikulia. Vumbi la udongo lilikuwa limeshaingia kwenye ekseli, na korona ikakwama, ikatoa moshi, ikasimama. Haijawahi kuwaka tena. Walichokuwa wakikiogopa maisha yao yote kilitokea juu ya vichwa vyao wenyewe.

Sikudhani aliinua uso kutoka kwenye hesabu yake, akanitazama.

6

Mngependa niishie hapo. Nami ningependa.

Vibarua tisini waliingia ushirika, tukawa mia moja na thelathini, wote wa kupumua. Sikudhani alichaguliwa katibu, akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Akatia kifungu kimoja tu kipya kwenye katiba: kura juu ya mashine zikilingana, mashine inasimama. Kifungu cha kifo nacho kilirudishwa, safari hii hakuna aliyecheka. Kila mmoja alipewa kitufe cha kupigia kura, ule ubao wa taa ukabaki ukutani, ukihesabu kila kura iliyoufikia hewani.

Lakini korona ilikuwa imebaki moja. Wanunuzi waliposikia, wengine walihama. Mkonge ulianza kuoza mashambani, harufu yake unaijua ukiwa bado uko stesheni. Na kinga ya korona namba moja nayo ikalegea.

Jumatatu hii tulikutana. Hata mmoja hakukosa. Sikudhani aliomba mashine isimame wiki tatu. Alisimama mbele yetu na ule mkono wa shati uliofungwa fundo, na sikufikiri kuna mtu angeweza kumnyima. Akainuka mama mmoja aliyekuwa dirishani pamoja naye mwaka ule, mama wa watoto watano, huku akilia, akasema, "Nisamehe, Sikudhani. Isisimame. Tutakula nini?"

Niligundua kwamba neno lile halikuwa la wafu. Wafu walikuwa wamelitunza tu.

Ubao ukawaka. Isimame, sitini na tano. Isisimame, sitini na sita. Sikudhani aliyaandika kwa mkono wake wa kushoto, taratibu.

Jumatano korona ikachukua vidole viwili vya Mahanyu, mpiga zumari wetu. Alikuwa amepiga kura isimame.

7

Hapa nilikuwa nimeandika mwisho mzuri, wenye machweo na mambo ya matumaini. Nimeuchana. Katibu huja kwangu kila Ijumaa kuchukua kurasa azibandike ukumbini, na leo alizichukua saa tatu asubuhi, akarudi nazo saa nne, akasimama nazo hapahapa kibarazani, huku mimi nikimmiminia chai.

"Mzee, hii habari ya mtu mcheshi, jina limekutoka."

"Zamani sana, mwanangu."

"Nimesoma muhtasari wa siku ya kwanza. Imeandikwa: Ndugu Semkiwa alichangia kwamba Kwemvule hakufi mtu, wajumbe wakacheka."

Nikaendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

"Hiyo ningeihesabu chumvi," alisema. "Kila mtu alicheka. Vigae lakini nilivihesabu. Ulilisha mia tatu na kumi na moja. Cha mwisho ulilisha kipande cha kigae cha paa."

"Uliona?"

"Niliona. Nikasema moyoni, mzee wa watu, mwache na mkewe. Kosa langu ni hilo, na nitalisema mbele ya mkutano." Akaweka kurasa chini, akazikandamiza kwa kikombe. "Jumatatu tulikuwa mia moja na thelathini, Mzee. Umeandika mwenyewe, hata mmoja hakukosa. Sitini na tano na sitini na sita ni ngapi?"

Mnaojua kujumlisha mlishajibu kabla yangu.

"Nimekaa na hesabu ile siku nne, nikidhani ubao umeharibika. Leo nimesoma mstari wako wa juu kabisa. Redio isiyoshika stesheni." Aliitazama, ilikuwa mapajani mwangu. "Unakuja nayo mkutanoni, umeibana sikioni, tunakucheka. Anaitika?"

"Mbelwa akimaliza majina," nilisema. "Anasema nipo. Kidogo kidogo tu. Halafu anakohoa."

"Na ulijua anapiga kura."

Ningeweza kusema sikujua. Mdomo ulishafunguka. Niliwahi kumwaminisha afisa wa kodi kwamba nimekufa. Neno moja kama hilo lingenishinda?

"Nilijua," nilisema. "Nilidhani kura moja haitafika popote."

Alikaa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akikaa nyumbani kwangu. Alisema Mahanyu anajifunza kuziba matundu ya zumari kwa vidole vilivyobaki, na haiwezekani. Alisema nusu saa iliyopita, alipokuwa na uhakika, alikwenda akaizima korona namba moja kwa sababu kura ilikuwa imelingana, na kulingana ni kusimama. Kweli, kulikuwa kimya. Miaka arobaini sijawahi kusikia kuku wa jirani saa nne asubuhi.

"Umeweka rehani," alisema.

"Nimeweka."

Nilimkabidhi redio. Aliipokea, akaigeuzageuza, akajaribu fundo kwa vidole vyake vitano, akajaribu kwa meno. Halafu akanirudishia.

"Hili ni fundo la mikono miwili," alisema. "Fungua wewe."

Mizunguko minane. Nilikuwa nimeifunga ikiwa mbichi ili ikikauka ijikaze. Nilifika wa nane vidole vinatoka damu, nikafungua kifuniko, na kigae kilikuwa humo, vuguvugu kama yai.

"Semkiwa," alisema Kidawa. "Mbona kimya? Korona imesimama?"

Sikudhani aliangalia pembeni.

"Haijasimama, Kidawa," nilisema. "Inakwenda. Wewe pumzika."

"Haya," alisema mke wangu, akakohoa mara mbili, nami nikamvunja kwa kisigino.

Huo uongo wa mwisho katibu aliusikia wote. Hakunidai kitu.